Siti za mashindano na mikanda ya pointi nne kwenye Roadster: fundi anataka kuifunga sakafuni, naombeni ushauri

Kijana wa Kajjansi (Ijumaa, saa 3:10 usiku)

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu, maana gari liko gereji Ndeeba na siti zake zimeshatolewa.

Ni Mazda Roadster ya 2001, injini 1,600, paa la turubai. Liliingia Uganda kabla ya sheria ya 2018 kuyafungia mlango magari ya miaka 15 na zaidi, kwa hiyo nalitunza kama mboni ya jicho. Siku za kazi linanipeleka mjini na kunirudisha. Wikendi moja moja naenda nalo uwanja wa mbio wa Garuga, tunakimbia mmoja mmoja, kila mtu na muda wake.

Siti za kiwandani zimechoka. Sponji imebonyea upande mmoja, na kona ikiwa kali inabidi nibane goti mlangoni ili nisiteleze. Wiki jana nikapata kwenye soko la vipuri la Kisekka siti mbili za mashindano, zile za ganda la faiba lisilokunjika, pamoja na seti mbili za mikanda ya pointi nne: miwili ya mabega, miwili ya kiuno. Vyote nimelipa shilingi 1,400,000.

Fundi wangu amepanga hivi: siti atazichomelea kwenye reli za zamani. Mikanda ya mabega ataishusha nyuma ya siti moja kwa moja hadi chini, aifunge sakafuni kwa boliti na washa kubwa. Mikanda ya kiwandani ataitoa kwa sababu haitakuwa na kazi tena.

Nilimwonyesha mke wangu picha, akaniuliza: "Hii inakulinda ama inakufunga tu?" Nimekosa jibu, ndiyo maana niko hapa.

Fundi Bweyogerere (Ijumaa, saa 3:42 usiku)

Kaka, mpigie simu usiku huu asitoboe kitu. Mimi ni mchomeleaji, nafunga siti na keji (mabomba ya chuma ya kulinda paa lisishuke) za magari ya rali, na hili la kushusha mikanda sakafuni nimelikuta kwenye magari mengi mno.

Fanya jaribio hapo nyumbani. Kaa kwenye kiti, mtu asimame nyuma yako na leso mbili zilizopita mabegani kwako. Kwanza avute kuelekea nyuma: utabanwa kwenye egemeo, basi. Sasa achuchumae avute kuelekea chini. Utasikia uti wa mgongo unavyokandamizwa, na hapo ni mkono wa mtu tu.

Gari likigonga vibaya mwili unaweza kurushwa mbele kwa nguvu mara 20 ya uzito wake. Mtu wa kilo 80 anakuwa kama tani 1.6. Mkanda unaoshuka nyuma kwa nyuzi 45 unageuza karibu sehemu 7 kati ya 10 za mvuto wake kuwa mzigo wa kushuka begani. Ukishuka wima kama anavyotaka fundi wako, mvuto wote unaangukia mgongo. Ndiyo maana kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, zinataka mikanda ya mabega ielekee nyuma, isishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka ukingo wa juu wa egemeo, na zinashauri isizidi nyuzi 10.

Kwenye Roadster kuna hatari nyingine tena. Tangi la petroli liko hapo hapo nyuma yenu, chini ya ile rafu. Drili ikipita pasipofaa sijui itaishia wapi. Mwulize fundi wako kama ameshachungulia kutoka chini.

Abdu wa Bombo (Ijumaa, saa 4:05 usiku)

Mimi nina mikanda ya pointi nne kwenye Starlet mwaka wa nne sasa, imefungwa kwenye boliti za mikanda ya abiria wa nyuma. Sijaona tatizo. Nadhani tunamtisha kijana bure, mkanda wowote unaokushika vizuri ni afadhali kuliko kuteleza kitini.

Navigeta wa Mbarara (Ijumaa, saa 4:31 usiku)

Abdu ndugu yangu, kwa heshima, na mimi nilisema hivyo hivyo hadi siku moja mwaka 2016. Tulikuwa kwenye mbio fupi za vumbi, mimi namsomea dereva noti za njia, mikanda yangu ya pointi nne kama hiyo ya kijana. Dereva alikosa kona, tukaingia mtaroni kwa pua. Haikuwa spidi kubwa.

Mikanda ya mabega ilipokaza, iliuvuta ule wa kiuno juu. Hapakuwa na mkanda wa mapajani wa kuushikilia chini, hivyo ukaondoka kwenye mifupa ya nyonga ukapanda tumboni. Mimi nikateleza chini yake. Gari lilivyosimama magoti yangu yalikuwa yamefika chini ya dashibodi na mkanda uko chini ya mbavu. Nililala hospitali siku 9, mbili za kwanza wakisubiri kujua kama bandama inavuja. Dereva wangu alikuwa na pointi sita, yaani na miwili zaidi ya mapajani. Alitoka na michubuko ya mabega.

Kijana, kama ni mikanda ya mashindano, iwe ya pointi sita, ule wa kiuno ukae chini kabisa kwenye nyonga na ukazwe kabla ya ya mabega. Watu wengi huanza na ya juu. Na tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Mikanda ya FIA ina mwaka wa mwisho wa matumizi, miaka 5 baada ya mwaka iliyotengenezwa. Siti zenye lebo ya FIA ya 8855-1999 nazo ni miaka 5, zile za 8862-2009 ni 10. Kwenye ukaguzi wa rali ya Pearl of Africa wanaisoma hiyo lebo kabla hata ya kuangalia injini.

Nesi wa Jinja (Jumamosi, saa 1:20 asubuhi)

Nimesoma yote asubuhi hii nikitoka zamu. Mimi si mtu wa rali lakini nahudumia majeruhi wa barabarani, na ningependa tuzungumzie shingo.

Mkanda wa kawaida unauacha mwili uende mbele kidogo pamoja na kichwa. Mikanda ya mashindano inaushika mwili kabisa, lakini kichwa hakijafungwa na chochote, na ukivaa helmeti umekiongezea uzito. Shingo inavutwa kama kamba. Dale Earnhardt alikufa Daytona Februari 2001 kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, jeraha la namna hiyo hiyo. Kifaa cha Hans, ile kola inayokaa mabegani na kufungwa kwenye helmeti, kilikuwa kipo tayari na hakukivaa. Formula 1 walikifanya lazima mwaka 2003. Kwa hiyo mwenye kufunga pointi sita aweke pia hesabu ya Hans na helmeti yake, vyote vinaenda pamoja.

La pili, kaka Kajjansi, umesema gari hili unakwenda nalo kazini. Ukiwa umefungwa mabega yote mawili utainamaje kuangalia boda anayepenya kushoto pale Kibuye? Mtu atalegeza mikanda ili apate kugeuka, na mkanda wa mashindano uliolegea ni mbaya kuliko wa kawaida, maana haujikazi wenyewe.

Tena fikiria nani anafika wa kwanza kwenye ajali hapa kwetu. Ni watu wa boda na wauza mahindi wa kando ya barabara. Wanajua kubonyeza kitufe chekundu. Kile kifungo cha duara cha kuzungusha hawajawahi kukiona, na nimeshapokea mgonjwa aliyekaa muda mrefu kwenye gari huku watu wema wakivuta mikanda wasijue pa kushika.

Fundi Bweyogerere (Jumamosi, saa 2:15 asubuhi)

Dada Nesi umesema kweli tupu, hilo la kitufe sikuwahi kulifikiria.

Abdu, nikujibu la Starlet. Gari likipinduka bila keji, paa linashuka. Mwenye mkanda wa kawaida anaweza kulala upande, nafasi ikabaki. Wewe mikanda imekusimamisha wima na ganda la siti limekuzuia kwa pembeni, hivyo paa linakukuta kichwani. Kijana wa Kajjansi hali yake ni ngumu zaidi kwa sababu yeye paa lake ni kitambaa. Bila rolibaa, lile bomba la nyuma ya vichwa, kitu kirefu kuliko vyote kwenye gari lake ni kichwa chake. Na iwe rolibaa ya kweli, iliyofungwa kwenye bodi na kuwa na miguu ya kuegemea nyuma, si lile bomba la urembo.

Kipimo chake ni rahisi. Keti kwenye siti uliyoichagua, umevaa helmeti na kufunga mikanda. Ulazwe mpini wa ufagio kutoka juu ya rolibaa hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti ibaki chini ya mpini kwa sentimita 5 hivi. Ikigusa, siti iko juu mno ama rolibaa ni fupi.

Kuhusu siti zenyewe, asichomelee ganda wala reli kienyeji. Kila siti ishikwe sehemu 4, boliti za mm 8 kwenda juu zenye namba 8.8 kichwani. Boliti laini zisizo na alama zimejaa sokoni, usizikubali hata kwa bure. Akitoboa tundu jipya sakafuni, chini yake kuwe na pleti ya chuma ya mm 3 yenye eneo la sentimita 40 za mraba, yaani karibu sm 6.5 kwa 6.5. Washa ni ndogo mno, siku ya ajali inapita kwenye bati kama kitufe kinavyotoka kwenye shati. Mikanda nayo isifungwe kwenye siti wala kwenye reli zake, ifungwe kwenye bodi ama kwenye bomba la keji.

Swali: una urefu gani? Na ile mikanda ya zamani, kifungo chake cha kuchomeka kiko wapi sasa?

Kijana wa Kajjansi (Jumamosi, saa 5:50 asubuhi)

Nimetoka gereji sasa hivi. Asanteni sana, Mungu awabariki, hasa dada Nesi na kaka Navigeta. Pole kwa yaliyokupata.

Urefu wangu ni sm 183. Kifungo cha mkanda wa kiwandani kumbe kimefungwa kwenye siti yenyewe ya zamani, kwa hiyo siti zilipotoka na chenyewe kikatoka. Sikulijua hilo. Ina maana ningeondoka pale bila mkanda hata mmoja wa kuaminika.

Lebo za mikanda nimeziona. Mwaka wa mwisho ni 2014. Kitambaa kimepauka kwa jua, na pale kinapopita kwenye chuma nyuzi zimesimama kama manyoya. Kwenye siti moja hakuna lebo yoyote. Ya pili nilipoigeuza na kuimulika kwa simu, kuna ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye tundu la boliti ya pembeni. Nikibonyeza kwa kidole gumba unafunguka na kujifunga.

Navigeta wa Mbarara (Jumamosi, saa 6:04 mchana)

Huo ufa usiutie gundi. Na hiyo mikanda usiirudishe sokoni, tafadhali. Atainunua kijana mwingine kama wewe asiye na mtu wa kumwuliza.

Fundi Bweyogerere (Jumamosi, saa 6:30 mchana)

Kwa gari la kila siku, ushauri wangu ni huu: rudisha siti za kiwandani na mikanda yake. Mpelekee fundi wa makochi abadilishe sponji, aweke ngumu, ainue kingo za pembeni sm 3 au 4. Kwa Garuga utashangaa jinsi hilo peke yake linavyokushika. Urefu wako ni wa kutosha, asiongeze sponji ya chini.

Ukishapata fedha, anza na rolibaa. Kisha siti moja yenye lebo, pointi sita na Hans, vyote kwa siku za mbio. Bado mkanda wa kiwandani ubaki kwa ajili ya barabara, upitishwe kwenye matundu ya pembeni ya ganda ili ulale kwenye nyonga, usipite juu ya kingo. Kifungo chake kihamishiwe mahali imara kwa boliti ya inchi 7/16.

Abdu wa Bombo (Jumamosi, saa 8:12 mchana)

Nimesoma na kurudia. Nimetoka kuangalia lebo za kwangu, zimesuguka hazisomeki. Jumatatu narudisha mikanda ya kawaida. Fundi, nikikuletea Starlet unaweza kuikagua?

Fundi Bweyogerere (Jumamosi, saa 8:20 mchana)

Lete Abdu. Kukagua silipishi.

Kijana wa Kajjansi (Jumapili, saa 12:40 jioni)

Mikanda nimeikata vipande kwa kisu, mke wangu akishika ncha ya pili. Siti yenye ufa nimeipasua kabisa. Hiyo nyingine itakaa sebuleni.

Fundi wangu wa Ndeeba nilimsomea uzi huu wote kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna gari jingine pale gereji alilifunga hivyo mwezi uliopita, na kesho anampigia mwenye gari alirudishe. Ameomba nimwandikie vipimo vya pleti kwenye karatasi. Anauliza pia: pembe zake azikate mraba ama azichonge?

Fundi Bweyogerere (Jumapili, saa 1:05 usiku)

Azichonge ziwe duara, na kingo azipige tupa. Pembe kali hukata bati siku ya kuvutwa. Mpe na namba yangu.