Ukizaliwa Gongwa, mji wa pepo nne, ungekuwa nani kwa tabia yako hii hii?

Sindano wa Kibokoni

Assalam aleikum, na jioni njema kwa wote. Nina swali limenikaa rohoni wiki mbili sasa na nyumbani sina wa kumuuliza.

Mimi nashona kofia za mkono, naishi Mji wa Kale. Mtoto wa dadangu ana miaka 11 na hushinda kwangu akitoka shule, kwa kuwa mamake huchelewa kazini. Stima zikipotea tunakaa dirishani na taa ya simu, na huko gizani ndiko tulikoanza kutunga mji wetu. Tumeuita Gongwa. Wenyeji mnalijua jina hilo, ni la Mombasa ya kale, ya Mwana Mkisi, yule malkia anayetajwa kabla ya Shehe Mvita. Gongwa yetu ni Mombasa hii hii. Ndia Kuu ipo, Makupa ipo, mahamri na mbaazi asubuhi vipo. Kilichozidi ni kwamba kila mtu ana upepo wake.

Mtoto akitimiza miaka 7 hupelekwa mnara wa Mbaraki. Mnara wenyewe upo kweli, na watu tangu zamani wameufukizia ubani na kuunyunyizia marashi kwa ajili ya pepo anayesemwa kukaa hapo. Nilipokuwa mdogo nikisikia wazee wakitaja pepo wa mtu na pepo za baharini, nilidhani ni kitu kimoja. Gongwa ni kitu kimoja. Mtoto huingia mnarani peke yake, wakubwa wakabaki nje, na upepo unaomjia ndio utakaokaa naye.

Wa Kaskazi ni watu wa safari na biashara, kwa kuwa ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Wana ndimi nyingi na nyumba zao haziishi wageni. Wa Kusi ni wakali, wasema kweli, bahari ikichafuka wao ndio hutoka. Wa Matlai ni waanzishaji. Harusi, duka, chama cha akina mama, wao ndio wa kwanza kusimama. Halafu kuna Umande, upepo wa alfajiri utokao bara, mwembamba hata pazia haulitikisi.

Uchawi hatukuutia. Neno hilo kwetu ni mtu kumdhuru mwenziwe, na sikutaka mtoto alale nalo kichwani.

Majirani wote tumeshawapa pepo zao. Ilipofika zamu yangu nikajiandikia Kusi. Nikawa nahodha wa kike, nimeingia mbele ya wakuu wa mji na kuwaambia ukweli wao bila kumeza mate. Kurasa tatu. Nikamsomea mtoto. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Khalati, huyu ni nani?” Nikamwambia ni mimi. Akasema, “Si wewe. Wewe hata konda akikunyima chenji husemi.”

Hakusema kwa ubaya. Nilichukua kofia nikaendelea kushona, lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu ni kweli. Mimi jibu hunijia kesho yake. Watu wakigombana mtaani mikono yangu hupata baridi. Nilichonacho ni kwamba nikianza kitu sikiachi. Wanaojua kofia za mkono watanielewa. Unatoboa kitundu kwa sindano nene, halafu unakizungushia uzi ukingoni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kisimame wazi chenyewe na kichwa kipate hewa. Kisha unahamia kinachofuata. Kofia moja hunichukua miezi miwili na zaidi. Kitundu kikienda upande ninakifumua, hata kama mnunuzi asingekiona.

Basi naomba mnijibu kwa kweli. Ukiwekwa katika mji wa ajabu kama huu na tabia yako hii hii uliyonayo leo, ungekuwa nani, na ungefanya nini? Na mtu kama mimi ana kazi gani huko?

---

Tuktuk ya Kisauni

Dada, swali lako nimelibeba tangu asubuhi, nimevuka nalo daraja la Nyali mara sita.

Mimi naendesha tuktuk. Tabia yangu ni moja, sisahau mtu alishukia wapi. Jina lake naweza nisilijue, lakini alikoshuka nakujua, na alikuwa amebeba nini. Mwaka jana mama mmoja aliniachia mfuko wa dawa kiti cha nyuma, pamoja na leso. Nilimkumbuka alishukia karibu na soko la Kongowea, upande wa wauza nazi. Nikaenda jioni ile, sikumpata. Siku ya pili nikawaacha abiria wawili stendi, nikaenda tena, nikamkuta. Dawa zilikuwa za mtoto wake. Alinishika mkono akashindwa kusema.

Kwa hivyo Gongwa mimi nasimama kivukoni. Kila kitu kilichosahauliwa mjini, mwavuli, ndara ya mguu mmoja, barua, kinakuja kwangu chenyewe na kinanong'ona jina la mwenyewe. Kazi yangu ni kupeleka. Upepo wangu sijui, nichagulie wewe. Sihitaji kupigana na mtu.

---

Mjukuu wa Nahodha

Mwanangu, salamu zako zimefika. Mimi ni mvuvi, nimepanda ngalawa tangu sijabaleghe. Umenifurahisha kuzitaja pepo kwa majina yake, maana vijana siku hizi wanasema “upepo” tu, kana kwamba ni mmoja. Lakini umande umeupunja na siwezi kunyamaza.

Umeandika ni mwembamba hata pazia haulitikisi. Pazia ndiyo, lakini tanga unalijaza. Saa kumi za usiku bahari imelala kama mafuta. Umekaa ngalawani umeelekea kilindini, mgongo umeupa mji. Huoni kitu wala husikii kitu. Kisha kisogo kinapata baridi kidogo, hapa chini ya nywele. Huo ndio umande umeshuka kutoka bara. Unafungua tanga, linavimba polepole, na ngalawa inatoka mlangoni bila hata kugusa kasia. Kusi ikichacha sisi tunavuta vyombo pwani tunakaa tukishona nyavu. Kwa kusi nimelala njaa. Kwa umande nimelisha watoto watano. Mchana matlai inakurudisha, na wala haikuulizi ulitokaje.

Jambo la pili. Umeweka pepo nne na kila mtu na wake mpaka kufa. Pepo haziendi hivyo. Kati ya kaskazi na kusi kuna maleleji, siku ambazo upepo haujaamua. Asubuhi unatoka huku, jioni umegeuka kule. Babu yangu akisema siku hizo ndizo za kumjua nahodha, kwa sababu mwenye upepo mmoja kichwani hupinduka. Mji wenu hauna maleleji. Utieni.

---

Binti Changamwe

Mimi nitasema tofauti na msinichukie.

Nafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku. Mwezi uliopita msimamizi alinitukana mbele ya wenzangu kwa kosa lisilokuwa langu, na mimi nikainamisha kichwa. Nilipofika nyumbani nikaoga, nikakaa kitandani, na maneno yote niliyopaswa kumwambia yakaja, moja baada ya moja, yakiwa yamepangika vizuri. Dada, umesema jibu hukujia kesho yake. Langu ni hivyo hivyo.

Sasa niambie, kama hata katika mji wa kutunga nitakuwa yule yule aliyeinama, naenda kufanya nini huko? Mimi nataka Kusi. Nataka kuingia Mbaraki nitoke na sauti. Zile kurasa tatu ulizoandika za nahodha wa kike, mtoto hakuzipenda, lakini mimi ningezisoma kwenye basi nikirudi kutoka kazini alfajiri. Usizitupe. Kama si wewe, basi labda ni mimi ambaye bado.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na nataka kumrudisha dada Sindano kwa Liyongo, kwa sababu jibu la swali lake nimeliona huko.

Sote tunamkumbuka Liyongo kwa nguvu zake. Hakuna silaha iliyomuingia isipokuwa sindano ya shaba, tena kitovuni. Hiyo ndiyo ajabu yake. Lakini alipofungwa gerezani nguvu zile hazikumtoa. Kilichomtoa ni mkate wa wishwa, yaani wa pumba za nafaka. Mamake alioka mikate, mizuri na ule wa wishwa, na ndani ya wishwa akaficha tupa. Saada, mtumishi, akaibeba. Walinzi wakala mizuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa kwa dharau. Akapata tupa, na usiku ngoma ya gungu ilipolia akakata pingu, ngoma ikameza mlio wa chuma.

Wanafunzi wangu, kila nikiwauliza wangependa kuwa nani, walisema Liyongo. Mmoja tu, msichana mkimya aliyekaa karibu na mlango, alisema Saada. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Kwa sababu yeye alipita langoni akiogopa.” Sijalisahau jibu hilo.

Binti Changamwe, nawe una haki yako. Saada hakuzaliwa ili abebe mikate maisha yake yote.

---

Sindano wa Kibokoni

Nimesoma yote mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mtoto. Nawajibu kwa mpangilio alioutaka yeye.

Tuktuk ya Kisauni, mtoto amekupa Matlai. Anasema matlai ndiyo inayorudisha vyombo nyumbani, mjukuu wa nahodha ameeleza, na kazi yako ni kurudisha. Mimi sikuwa nimeliona hilo. Kivukoni tumeshakuchora, una kibanda cha makuti na kabati la droo nyingi.

Mzee wangu, shikamoo. Nisamehe kwa umande. Jana niliamka saa kumi, nikapanda juu ya nyumba, nikaupa mji mgongo nikatazama bahari kama ulivyosema. Nilikaa sana. Nilipokaribia kukata tamaa kisogo kikapata baridi. Nina umri huu wote hapa Mji wa Kale na sikuwahi kujua kuwa ule ubaridi una jina.

Binti Changamwe, kurasa tatu sijazitupa. Nimezifuta jina langu na kuacha nafasi wazi. Na maleleji tumeyatia, kwa sababu yako. Kuanzia sasa, siku ambazo upepo haujaamua, mnara wa Mbaraki unafunguliwa kwa watu wazima. Yeyote anaingia, hata mwenye miaka sabini, na anaweza kutoka na upepo mwingine. Tumeandika kwamba wa kwanza kupanga foleni ni msichana aliyevaa aproni ya kiwandani, ametoka zamu ya usiku, hajalala. Hatujaandika anatoka na nini. Ukitaka, andika wewe, utuletee.

Mimi Kusi nimeiacha, nimebaki Umande. Nilijaribu kujisukuma kidogo, moyo ukakataa, na safari hii ulikataa kwa utulivu. Nimejiandika hivi. Gongwa nakaa kwenye baraza ya nyumba hii hii, nashona kofia hizi hizi. Kila kitundu ninachokimaliza kinashika umande kidogo ndani yake na hakiuachi. Mvuvi anakuja saa tisa usiku, ana haraka, anataka kofia yake. Namwambia bado. Anapandisha sauti, mikono yangu inapata baridi kama kawaida, na bado simpi, kwa sababu vimebaki vitundu viwili. Anakaa chini. Ninamaliza. Anaivaa, anakwenda zake. Siku tatu baadaye, mbali kabisa, upepo umekatika na maji ya kunywa yamebaki kikombe. Anaivua kofia, anaikung'uta mara moja mbele ya tanga, na tanga linavimba.

Niliposoma hapo mtoto aliniuliza, “Ina vitundu vingapi?” Nikamwambia sijui, vingi. Akasema lazima tujue, kwa sababu ndio kipimo cha safari, mvuvi asije akaishiwa njiani. Nikamletea kofia iliyo mkononi mwangu, iliyokaribia kwisha, tukaanza kuhesabu kwa taa ya simu. Alishika kwa kidole, mimi nikitaja. Tulipofika 340 sauti yake ikawa nzito, na 352 akalala, kidole kikiwa bado juu ya kitambaa.

Nimetia uzi mwekundu mahali kidole kilipokuwa, ili kesho tusianze upya.