Likizo ya Juni: nianze vipi kushona na watoto wa miaka 4 na 7 bila cherehani?

MamaNyegezi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Niko Nyegezi, Mwanza, nina watoto wawili. Wa kike ana miaka 7, wa kiume ana miaka 4. Likizo imekaribia na sitaki washinde wameinamia simu yangu. Nataka tukae barazani tushone vitu vidogo vidogo, wajue kwamba nguo ikichanika haiendi jalalani.

Cherehani sina na sina mpango wa kununua. Nilivyonavyo ni shuka mbili za mtumba zilizochakaa katikati, doti moja ya khanga iliyopauka, soksi nyingi zilizopoteza wenzake, na mkasi mmoja wa jikoni. Naomba kujua: tuanze na kitu gani ambacho kitatumika kweli nyumbani, siyo pambo la kutupa keshokutwa? Huyu wa miaka 4 anaweza kushika sindano? Na vitambaa vya ziada napata wapi bila kununua? Baba yao anasema sindano kwa mtoto wa umri huo ni kujitafutia safari ya hospitali.

FundiMlangoMmoja

Marahaba mwanangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea jirani na soko la Mlango Mmoja, na wajukuu zangu wote wameshika sindano ya kwanza kwenye benchi langu. Nimefurahi sana kuona swali hili, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Anza na ngata, ile ya kuweka kichwani unapobeba ndoo. Wengi watakwambia anza na mdoli, mimi sikubaliani nao. Mdoli ana mikono, ana miguu, anataka kugeuzwa nje ndani, anataka kujazwa. Mtoto anachoka kabla hajaona alichofanya. Ngata inaisha siku hiyohiyo, na maji yakikatika kesho yake mtoto anaona ndoo ikibebwa juu ya kazi ya mikono yake. Hapo umempata.

Chukua ile shuka. Katikati pamechakaa, lakini pembeni, kule kulikokuwa kunachomekwa chini ya godoro, bado ina nguvu. Kata kwa mkasi kidogo tu kwenye ukingo, halafu mpe mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, wavute. Kitambaa cha pamba kinachanika kwa kufuata uzi wake, kwa hiyo mstari unanyooka wenyewe bila chaki wala rula. Ule mlio wa kuchanika watoto wanaupenda mno, waache wapige kelele. Chana vipande vya upana wa vidole vitatu. Funga vitatu kwa fundo moja kwenye mguu wa kiti, mkubwa asuke kama anavyosukwa kichwani, mdogo ashike mikia isijikoroge.

Msuko ukifika kama mita moja na nusu, uzungushe uwe duara lenye tundu katikati. Sasa ndipo sindano inaingia: kila mzunguko unashikwa na mwenzake wa ndani kwa mishono mikubwa ya kwenda na kurudi. Mshono ukipinda hautaonekana. Msuko huohuo ukiuzungusha ulale bapa, bila kuacha tundu, unapata cha kutegea sufuria mezani. Ukizidi kuunga na kuzungusha unapata cha kufutia miguu mlangoni, na hicho kinaweza kuwa kazi ya likizo nzima, kila jioni mizunguko miwili mitatu.

Ila cha kutegea sufuria kisiwe cha kitambaa cha plastiki, na shuka nyingi za mtumba zimechanganywa. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti mwenyewe, watoto wakae mbali. Uzi wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ule mwingine unajikunja, unayeyuka, unaacha kidonge kigumu. Huo usiuweke karibu na sufuria ya moto, tumia kwa ngata na mlangoni.

Kuhusu sindano: nunua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Watu wanaogopa kwa sababu ni kubwa, lakini kwa mtoto ukubwa ndio usalama. Anaiona, anaishika vizuri, haipotei kwenye mkeka. Isugue ncha kwenye jiwe mpaka iwe butu kidogo. Kwa kupita katikati ya misuko haihitaji kuwa kali. Uzi uufunge kabisa kwenye tundu la sindano kwa fundo dogo, la sivyo utashinda kutwa nzima ukitunga uzi badala ya kushona. Urefu wa uzi usizidi mkono wa mtoto mwenyewe, kuanzia bega hadi kiganja. Ukizidi hapo unajisokota na hasira zinaanza. Upitishe kwenye mshumaa mara mbili tatu, utateleza na hautafunga mafundo ya ovyo.

Vitambaa vya bure: pita kwa mafundi jioni wakati wa kufunga, siyo asubuhi. Asubuhi tunakimbizana na oda. Jioni tunafagia, na unachokiona chini pale ni vitenge vizuri kabisa, upana wa kiganja, upana wa mkono. Siku hizi wapo wanaokusanya mabaki kwa ajili ya kujazia mito, kwa hiyo usione vibaya ukiambiwa yameshachukuliwa. Omba uwekewe ya siku inayofuata, na uje na mfuko wako.

MwalimuWaAwali

Fundi umeeleza vizuri, nakupongeza, lakini mimi kwenye sindano kwa mtoto wa miaka 4 nasimama na baba. Nafundisha darasa la awali na ninajua mikono ya umri ule. Bado anajifunza kushika penseli. Sindano, hata ikiwa butu, akikimbia nayo au akamchokoza dada yake jichoni ni majuto.

Mpe kazi ya kutunga bila sindano. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa matundu pembezoni kwa msumari, mpe kamba ya kiatu. Ile ncha ya plastiki ya kamba ndiyo sindano yake. Anaingiza juu, anatokea chini, anavuta. Ukichora samaki ukakata boksi kwa umbo la samaki, atatunga kutwa. Pia kuchambua vifungo kwa rangi ni kazi nzuri sana, ila kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, vifungo visitoke kabatini, kwa sababu kila kitu kinaenda mdomoni na kifungo kinaziba koo.

FundiMlangoMmoja

Mwalimu, kwenye kukimbia nayo upo sahihi kabisa, na sheria ya kwangu ni kwamba sindano haisimami. Anayesimama anaacha sindano kwenye sabuni. Naweka kipande cha sabuni ya mche katikati ya mkeka, ndiyo nyumba ya sindano zote. Sabuni inailainisha sindano ipite vizuri kwenye kitambaa, na ukimaliza unaangalia tu kama zote zimerudi. Ikipungua hamnyanyuki mkekani. Ukiwa na redio iliyokufa, toa ile sumaku ya spika yake uipitishe sakafuni, sindano inajileta yenyewe. Ile sabuni iliyobaki nyembamba, inayokaribia kuisha, usiitupe pia. Ndiyo chaki yetu mafundi. Inachora vizuri kwenye kitambaa cheusi na inatoka kwa maji.

Lakini sitakubali mdogo aachwe kwenye boksi likizo nzima huku dada yake anashona kitu cha kweli. Analiona hilo na linamuuma. Kuna njia ya kati. Chukua mfuko wa vitunguu, ule wa nyavunyavu, ukate kipande, uubane kwa uzi kwenye boksi ulilolitoboa dirisha. Mpe vipande vyembamba vya ile khanga iliyopauka apitishe kwa vidole vyake, chini, juu, chini, juu, mpaka dirisha lijae. Ukitoa kwenye boksi, unakunja kitambaa kizito cha pamba nyuma yake, wewe mwenyewe unashona kingo, na hicho ni kitambaa cha kuepulia sufuria. Kwa upande ule wa nyavu kishikwe na mkono, upande wa pamba ndio uguse sufuria, kwa sababu nyavu ile ni plastiki. Siku ya ugali unamwambia aende akalete cha kwake. Utaona uso wake.

BabaIgombe

Habari za humu. Mimi si fundi nguo, nashona nyavu huku Igombe, lakini naomba kuchangia.

Kama mfuko wa vitunguu hamna, njooni mialoni. Kipande cha wavu wa dagaa uliokwisha kazi ni kizuri zaidi kwa hiyo kazi ya kupitisha vitambaa, macho yake ni sawasawa na hayavutiki ovyo. Kwanza ulowekwe kwa sabuni ya unga usiku mzima na kuanikwa juani, maana harufu ya dagaa haitoki kwa kusuuza mara moja. Kagua kwa vidole vyako kama kuna ndoana iliyonasa kabla mtoto hajaugusa. Na ukate vipande vidogo tu vya kutosha kazi, mtoto asichezee wavu mkubwa, anaweza kujisokota shingoni.

Wa kwangu nimewafundisha fundo la wavu wakiwa na umri kama wa huyo binti. Ile sindano yetu ya plastiki inayobeba uzi tumboni haina ncha kali hata kidogo. Ukimpa na kijiti kimoja cha kupimia jicho, anaweza kusuka mfuko wa kwenda nao sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko wa hivyo ndio tunabebea nyanya nyumbani kwangu, na aliyeushona anajulikana.

MamaNyegezi

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na baba yao nimemsomea. Sindano kwenye sabuni imemlainisha kidogo, amesema sawa kwa mkubwa, mdogo aanze na dirisha la vitunguu.

Nimebaki na mawili. Zile soksi nizifanye nini? Na huyu binti bado ananing'ang'ania mdoli, hata baada ya kumwambia habari ya ngata.

FundiMlangoMmoja

Soksi ni mpira wa rede, mwanangu! Kunja soksi moja iwe donge gumu, iingize ndani ya nyingine, isokote mdomo, igeuze irudi ilikotoka, uingize kwenye ya tatu, hivyohivyo mpaka ujae mkono. Hiyo yote anafanya mdogo bila sindano. Mwisho mkubwa anashona mdomo wa soksi ya juu kwa mshono wa kuzungusha. Mpira wa hivyo ukimpiga mtu mgongoni haumuumizi, na mchana wa likizo mtaa mzima utakuwa kwenu.

Mdoli mpe, lakini baada ya ngata na baada ya cha kutegea sufuria, mkono ukiwa umezoea. Afanye wa soksi: kisigino kiwe uso, anafunga shingo kwa uzi, hakuna kugeuza. Macho ashone kwa uzi mweusi, msiweke vifungo, mdogo bado mdogo.

Cha kujazia, kama mna ndugu Magu au Kwimba wanaolima pamba, msimu ndio huu, waombe mfuko mdogo wa pamba ya shambani, ile yenye mbegu zake. Waache watoto wakae wachambue mbegu kwa vidole. Ni kazi ya polepole na mbegu imeng'ang'ania kwelikweli, lakini mtoto wa Kanda ya Ziwa anatakiwa ajue shuka yake ilianzia wapi. Mbegu zikibaki ndani mdoli anakuwa na vinundu, na pamba ikishindiliwa yote kwa pamoja inakaa madonge; ivuteni kwanza ifumuke, iingie kidogo kidogo kwa nyuma ya kijiko. Msipopata pamba, vipande vya kitenge vilivyokatwa vidogo sana vinatosha, ila mdoli atakuwa mzito na akifuliwa anachelewa kukauka.

Ukija mjini pita kwangu jioni kabla sijafunga. Mabaki ya Ijumaa huwa mengi, watu wanashonesha za harusi na za ibada. Nitakuwekea ya rangi za kung'aa, na uje na huyo binti achague mwenyewe.