Mjadala: Je, kijana wa Kusini asomee urithi wa magonjwa ya akili?

Mwalimu, Lindi:
Ndugu zangu, mpwa wangu amemaliza shahada ya baiolojia na sasa anataka kuwa mtafiti wa vinasaba vya tabia na magonjwa ya akili. Mimi napinga. Ernst Rüdin, aliyekuwa bingwa wa fani hiyo Ujerumani, alishiriki kuandika ufafanuzi rasmi wa sheria ya mwaka 1933 ambayo kwayo wagonjwa walifungwa uzazi kwa nguvu. Huku kwetu posa hukataliwa kwa kisingizio cha ukoo tangu zamani. Tunamhitaji msomi wa kutuongezea sababu?

Muuguzi mstaafu, Mikindani:
Mwalimu, nimekusoma. Historia hiyo ni ya kweli, na kijana aisome kabla hajaingia maabara. Lakini hilo la posa ndilo linalonifanya nimuunge mkono. Nimeshuhudia hapa Mikindani mshenga akirudishiwa kishika uchumba kikiwa bado kimefungwa kwenye leso, kwa kuwa mjomba wa muoaji aliwahi kulazwa kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwapo. Wazee walisema "damu hiyo", kikao kikavunjika, wala hakuna aliyeuliza hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Irving Gottesman, Mmarekani aliyefariki mwaka 2016, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulijibu swali hilo. Miaka ya 1960 alishirikiana na James Shields kuchunguza pacha katika Hospitali ya Maudsley, London, na mwaka 1967 wakatoa hoja kwamba maradhi hayo hayaletwi na jeni moja, yaani kinasaba kimoja, bali na jeni nyingi ambazo kila moja huchangia kidogo, mazingira nayo yakiwa na sehemu yake. Kwa majumuisho aliyoyatoa mwaka 1991 kutokana na tafiti za Ulaya, mtu yeyote ana uwezekano wa takriban asilimia 1 wa kuugua, mpwa wa mgonjwa 4, mtoto wake 13, na pacha wake wa kufanana 48. Hata huyo pacha, mwenye vinasaba vilevile, mara nyingi haugui! Na yule muoaji wetu alikuwa mpwa tu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba hesabu hizo si za kwetu. Utafiti wa mwaka 2022 uliobaini maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na skizofrenia ulitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya, na vipimo vya hatari vinavyotokana na takwimu za aina hiyo hubashiri vibaya zaidi kwa Waafrika. NeuroGAP, mradi mkubwa wa kuchunguza vinasaba vya magonjwa ya akili Afrika, ulikusanya sampuli za mate Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, sisi Watanzania hatumo. Nani atatuingiza, kama vijana wetu tunawazuia?

Mwalimu, Lindi:
Shikamoo mama. Hoja ya yule muoaji naikubali. Ya sampuli bado. Mate ya mkulima wa korosho wa Tandahimba yakishahifadhiwa katika friza ya ng'ambo, ataulizwa tena yanapotumiwa kwa utafiti mwingine? Najua utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, lakini kibali hakimfundishi mtafiti kumweleza mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba hakumrithisha laana. Basi kijana na aende, kwa sharti kwamba kwanza ajitolee mwaka mzima katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, akikaa na ndugu wa wagonjwa na kuwasikiliza. Akikataa sharti hilo, ada sitoi.