Tupeane uzoefu: kiharusi cha ujanani kitokanacho na damu kuganda kwenye vena za ubongo

Ndugu zangu, nilipata kiharusi nikiwa na miaka 29, wiki ya 3 baada ya kujifungua, na hadi leo nakutana na watu wasioamini kwamba kijana asiye na shinikizo la damu anaweza kupooza. Changu hakikutokana na kuziba kwa ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa kiharusi. Damu iliganda katika vena zinazoitoa kwenye ubongo, ikakosa pa kupitia, na shinikizo likapanda ndani ya fuvu.

Kilianza kichwa. Kila nilipojilaza maumivu yalizidi, hata nikawa nalala nimeketi, mgongo ukutani na mtoto kifuani, na nilipokohoa macho yalififia kwa sekunde chache. Hospitalini niliambiwa ni uchovu wa uzazi. Siku ya 6 kikombe kiliniponyoka mkono wa kulia, na kabla ya jioni nikapata degedege. Naomba mtueleze dalili zenu zilivyoanza na jinsi mlivyogunduliwa, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata zaidi walio chini ya miaka 50, wengi wao wanawake.

Mchangiaji wa 2: Pole sana, dada. Mimi nilikuwa nikimeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayoweza kuchangia damu kuganda, na hakuna aliyeniuliza habari hiyo. Picha ya kawaida ya CT haikuonyesha kasoro, nikarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Aliyeniokoa ni daktari wa macho, niliyemwendea kwa sababu nilikuwa naona vitu viwiliviwili: alimulika ndani ya jicho, akaona neva imevimba, akaniandikia rufaa papo hapo. Mgando ulionekana kwenye MRI iliyolenga vena zenyewe, kipimo ambacho nadhani tungepaswa kukiulizia mapema zaidi.

Mchangiaji wa 3: Wanaume nasi tumo. Kwangu chanzo kilikuwa sikio lililotoa usaha kwa muda mrefu, maambukizi yakaifikia vena iliyo nyuma yake.

Mchangiaji wa 4: Nilimuuguza mke wangu. Picha ilionyesha damu imevuja kwenye ubongo, lakini madaktari wakataka kumpa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nami nikakataa katakata. Daktari mmoja aliketi nami, akanichorea vena iliyoziba na kunieleza kwamba damu ilivuja kwa sababu ya kukosa njia, hivyo kuuacha mgando ukue kungezidisha hatari. Nilikubali huku natetemeka. Baadaye mke wangu alitumia warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa miezi 6, akipimwa damu mara kwa mara ili INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ibaki kati ya 2 na 3.

Mwanzisha mada: Asante, kaka, nami nilipewa heparini hiyohiyo. Sasa nina ujauzito wa pili, na kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, daktari ameniandikia sindano za heparini za kila siku. Najichoma mwenyewe, kwa mkono uleule wa kulia.