Odishoni ya mchezo: hii woga huwa inaisha kweli?

kijana_wa_umoja
Habari zenu wadau. Jumamosi nilienda odishoni yangu ya kwanza, yaani kujaribiwa kama nafaa kuigiza, mchezo wa seti buku (vile vitabu vya fasihi vya kusomea mtihani), zile huzungushwa kwa shule za sekondari. Tulikuwa kama watu arobaini kwa korido kila mtu anaongea na ukuta, nikaitwa nikapewa karatasi mbili nisome hapo kwa hapo. Karatasi ilitetemeka hadi nikawa naisikia, mdomo mkavu, mstari wa mwisho nikaumeza. Alafu dairekta akasema nirudie, lakini sasa kama mtu ameshachoka kubembeleza. Hapo nikajua nimeharibu. Nikarudia, akasema asante, tutakupigia. Leo Alhamisi, simu naiangalia kila saa. Nyinyi wenye mmezoea, mnahisi aje mkiwa mle ndani?

dada_wa_jukwaa
Pole ndugu yangu, haiishi. Huu ni mwaka wangu wa tisa na bado nikikunja tu kuingia Harry Thuku Road, naenda National Theatre hapa Nairobi, mikono inakuwa baridi. Siku hizi naenda mapema na nakaa mbali na wale wanaosema mistari kwa sauti, ju utajikuta unaisema kama wao. Na karatasi iweke juu ya kitu kigumu, hata kava ya eksasaisi inatosha, haitapiga kelele.

mzee_wa_pazia
Kijana, mimi nimekaa upande ule mwingine wa meza miaka mingi. Kuambiwa urudie sio kuharibu! Yule hatumtaki tunamshukuru anaenda. Tukikurudisha tunataka kuona kama unaelekezeka, ju mazoezi ni wiki nzima nzima za kuambiwa geuza hivi, geuza vile, na kwa seti buku kikundi ni kidogo, gari ni moja, mtu mmoja anabeba wahusika wawili watatu, akitoka mzee anarudi askari. Kuna msichana alisoma hadi tukanyamaza wote. Tukamwambia arudie akiwa ameketi na asilie, akarudia vile vile, machozi kwa neno lile lile. Hatukumchukua na iliniuma sana, sauti yake naikumbuka hadi leo. Na wakati mwingine ni kimo tu, baba tumeshampata na ni mfupi kukuliko, utachezaje mtoto wake wa darasa la sita?

taa_za_stejini
Kwangu kibaya zaidi ni kunyamaziwa. Nilingoja kikundi fulani mwezi mzima, nikajua nimeachwa siku niliona posta ukutani. Wenye vikundi tafadhali, hata SMS ya maneno mawili.

kijana_wa_umoja
Asanteni sana. Mzee, mara ya pili sikupaza sauti, nilijikuta nimekaa sakafuni naongea polepole na karatasi haikutetemeka, sijui ilitoka wapi. Bado hawajapiga. Kuna odishoni nyingine Jumanne, ni makosa nikienda kabla hawa wajibu?

mzee_wa_pazia
Enda. Na ukae sakafuni tena ikikujia.