Takwimu za mchezaji wa kikapu: je, ni sababu ya ushindi au ni matokeo yake?

Mwandishi wa Mezani:
Wanajamvi, salaam. Katika msimu wa 2016-17, Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder, timu ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), alifikisha tarakimu mbili katika pointi, ribaundi (kuudaka mpira uliokosa kuingia) na asisti (pasi inayozaa kikapu) ndani ya mchezo mmoja mara 42. Timu yake ilishinda 33 kati ya michezo hiyo na kupoteza 9, ilhali katika michezo 40 iliyosalia ilishinda 14 tu. Rafiki yangu anasema hapo hakuna mjadala: Westbrook akijaza karatasi, Thunder wanashinda. Mimi nina shaka, kwa sababu ninapoandika takwimu za timu yetu ya mtaani naona asisti za mchezeshaji wetu zikipungua kila tunapofungwa, hata siku ambazo kwa macho yangu amecheza vilevile. Je, tofauti hii inatuambia nini hasa?

Babu Ringi:
Shaka yako ni ya haki, mkuu. Pasi ileile, iliyotolewa kwa wakati uleule, huandikwa asisti mpira ukiingia, na haiandikwi popote ukigonga ringi na kutoka. Ribaundi ya ulinzi nayo haipatikani mpaka mpinzani akose. Kwa hiyo safu mbili kati ya tatu zinategemea wenzako walenge vizuri na wapinzani wakose, jambo ambalo karibu ndiyo maana yenyewe ya kushinda. Isitoshe, wachezaji warefu wa Thunder, Steven Adams akiwamo, mara nyingi waliwazuia wapinzani kwa miili yao ili Westbrook auchukue mpira na kuanzisha shambulizi mara moja. Sisemi kwamba hakuwa na mchango; mtu mwenye wastani wa pointi 31.6 hakuchaguliwa mchezaji bora wa msimu kwa bahati. Ninachosema ni kwamba ile 33 kwa 9 haipimi mchango huo.

Mama Kikapu:
Naongezea upande wa pointi, kwa kuwa huko mambo hugeuka. Tarehe 24 Machi 2017 Devin Booker alifunga pointi 70 mjini Boston, na Phoenix Suns wakafungwa 130 kwa 120. Alikuwa na pointi 19 tu wakati wa mapumziko. 51 zilizobaki alizipata katika kipindi cha pili, na dakika za mwisho timu yake, ingawa ilikuwa nyuma, ilifanya faulo za makusudi na kuomba mapumziko mafupi ya kusimamisha saa ili mpira umrudie. Wilt Chamberlain naye alifunga 78 dhidi ya Lakers mwezi Desemba 1961, katika mchezo uliokwenda vipindi vitatu vya nyongeza, na timu yake ikapoteza. Nyota wa timu iliyo nyuma huachiwa mitupo mingi, ilhali nyota wa timu inayoongoza kwa pointi 25 hukaa benchi robo yote ya nne. Kuna mtego mwingine pia: timu iliyo nyuma kidogo mwishoni huwachezea faulo wapinzani ili kusimamisha saa, hivyo mshindi hujiongezea pointi za mitupo huru ambazo zilikuja baada ya mchezo kukaribia kuamuliwa.

Hesabu Kwanza:
Yote hayo ni kweli, lakini msisahau idadi. Golden State Warriors walipomaliza msimu wa 2015-16 kwa kushinda michezo 73 na kupoteza 9, wastani wa Stephen Curry katika michezo waliyofungwa haukuweza kutokana na zaidi ya michezo 9, na usiku mmoja mbaya ulitosha kuuyumbisha. Tena timu nzuri hufungwa zaidi na timu ngumu, kwa hiyo sehemu ya tofauti kati ya takwimu za ushindi na za kufungwa ni ubora wa mpinzani tu.

Kwa timu yako, ndugu Mwandishi, ningekushauri utenganishe dakika badala ya michezo: andika kando yale yanayofanyika wakati timu hizo mbili zimeachana kwa chini ya pointi 10, ambapo kila mtu bado anacheza kwa nguvu zake zote. Kisha ongeza safu ya pasi zote zilizozaa mtupo, uingie usiingie. Iwapo safu hiyo haipungui mnapofungwa, mchezeshaji wenu hana kosa. Tatizo liko kwa wapokeaji.

Mwandishi wa Mezani:
Shukrani, wakuu. Safu hiyo naiongeza. Ila je, mpokeaji akichezewa faulo akiwa anatupa, pasi ile nayo niihesabu?

Hesabu Kwanza:
Katika safu mpya, ihesabu, kwa sababu nafasi ilikwisha tengenezwa. Katika safu ya asisti inategemea kanuni mnazofuata: NBA hawaihesabu, lakini kwa utaratibu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni asisti endapo mpokeaji ataingiza walau mtupo huru mmoja.