Harusi imesogezwa hadi Desemba na mchumba anakuja kila mwisho wa wiki. Tunaishije kwa usafi?

Mhasibu_Ilazo:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina miaka 29, nimeokoka, nafanya kazi ofisi moja kule Mtumba na nimepanga Ilazo, chumba kimoja tu ambacho ndani yake nalala na napika. Mchumba wangu ni mwalimu Morogoro, kwao Mpwapwa. Posa ilipokelewa na mahari nimeshatoa sehemu kubwa. Harusi ilikuwa iwe Agosti, kamati ikaisogeza hadi Desemba kwa sababu ahadi hazijalipwa. Bajeti ni milioni 16: ukumbi, mpambaji, emsii, ndafu, sare za kamati. Sare za kamati msiniulize ni za nini.

Shida yenyewe ni hii. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, Morogoro si mbali tena. Ijumaa anatoka shule, usiku yuko Dodoma. Jumamosi anapika mlenda, ananifulia mashati, tunasoma Neno, tunacheka, tukiangalia saa ni usiku na hana pa kwenda. Analala kitandani, mimi natandika mkeka kati ya kabati na mtungi wa gesi. Mpaka sasa tumesimama. Lakini Julai ya Dodoma mnaijua, ule upepo unapenya chini ya mlango, na juzi mwenyewe kaniambia, "Panda tu huku juu, utaumwa bure." Usingizi sikuupata.

Washikaji kazini wanasema mahari ikishatoka huyo ni mke. Mmoja wao ana roho nzuri sana, kaniingiza kwenye orodha ya safari ya Kondoa ambayo mimi siendi, ili posho isukume ukumbi. Mungu ambariki. Naomba mnipe mbinu, msinipe mistari. 1 Wathesalonike 4 naijua kwa moyo.

Wakili_wa_Kijiweni:
Kaka unajitesa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160: mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, sheria inadhania wameoana. Serikali haina shida na mkeka wako, wewe ndiye una shida nao.

Dada_wa_Kwaya:
Shemeji, umeandika kama vile vita ni yako peke yako na yeye ni jaribu lililoshuka na treni. Yeye anasemaje? Huenda alikuonea huruma ya baridi tu. Au naye anapigana kama wewe na hajui aanzie wapi kukwambia, maana sisi wasichana tumefundishwa kwamba haya hayatuhusu. Yazungumzeni mchana, mkiwa mnatembea pale Chinangali, msisubiri saa tano za usiku taa ikiwa imezimwa.

Halafu simu. Hujaitaja, kwa hiyo naitaja mimi. Zile video za usiku wa manane siku za katikati ya wiki ndizo zinazopika kinachokuja kupakuliwa Jumamosi.

Mama_Mvumi:
Mbukwenyi wanangu. Wa Ilazo, nakujibu kama mama yako, uvumilie urefu.

Nianze na huyu wa sheria. Hicho kifungu nimekiona kikifanya kazi. Jirani yangu alifiwa na mwenzake, ndugu wakaja kumtoa ndani, kikamsaidia. Lakini ni dhana tu, na mtu akileta ushahidi kwamba hamkuoana, inaanguka. Kimewekwa kumlinda aliyekwisha kuishi bila cheti. Wewe bado hujaingia, unakitafutia nini?

Sasa mbinu. Mimi nilichumbiwa Mvumi, nyumba ya walokole, wale wa uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930. Marehemu mzee wangu alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada. Tunakaa uani chini ya mwembe, kila apitaye anatuona, na mdogo wangu wa kiume katumwa akae katikati yetu. Tukimpa karanga akacheze, karanga anakula na haondoki. Mkisikia habari hizi siku hizi mnadhani wazee hawakutuamini. Walituamini sana, ila saa nne ya usiku hawakuiamini hata kidogo. Yusufu mwenyewe kwa Potifa hakubaki ndani kukemea, aliacha vazi mkononi mwa yule mama akatoka nje. Wewe hata pa kutokea huna, njia imezibwa na mtungi wa gesi.

Kwa hiyo binti asilale kwako, hata mkiwa mmeshinda vizuri kiasi gani. Mtafutie dada wa ushirika, au mama mchungaji. Akishuka stesheni, bajaji impeleke huko kwanza aweke begi, ndipo aje kwako. Begi likiwa chumbani kwako, usiku mtabishana nalo na litawashinda. Mkipika, mlango uwe wazi. Giza likiingia, msindikize. Na awepo mwanaume mmoja mtu mzima ambaye kila Jumapili anakuuliza, "Vipi wiki hii?" na wewe unajibu bila kuzungukazunguka. Wazee wangu waliita kutembea nuruni, wameitoa 1 Yohana 1:7. Ulikataa mistari, huo nimekubandika kwa nguvu.

Lakini kilichonifanya nivae miwani niandike ni Kondoa.

Umeipita mbio mbio. Jina lako liko kwenye orodha ya safari usiyokwenda, utatia saini, utapokea fedha, na juu yake umesema Mungu ambariki! Unalala kwenye sakafu ya baridi ili mwili usichafuke, halafu ukumbi wa kusherehekea huo usafi unalipiwa kwa saini ya uongo. Zaburi ya 24 inapouliza nani atakayepanda mlima wa Bwana, inajibu "mikono safi na moyo mweupe." Mikono ndiyo imetajwa kwanza, mwanangu, na wewe ni mhasibu.

Na ukitazama, mkeka na Kondoa vyote vimeletwa na hiyo milioni 16. Desemba mmepewa na nani? Na kamati. Paulo kasema ni afadhali kuoa kuliko kuwaka tamaa, wala hakutaja mpambaji. Sheria hiyo hiyo ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 tu, na kanisani ni matangazo ya Jumapili tatu. Nenda kaongee na mchungaji. Ndoa ifungwe baada ya ibada, watu wale wali uani, waende makwao. Ndafu kamati wataila Desemba wakipenda, wamevaa sare zao.

Wakili_wa_Kijiweni:
Mama kwenye dhana nimenyoosha mikono. Ila tuseme ukweli, ukifunga ndoa kimyakimya ndugu wananuna miaka. Wengine wameshachanga, utawaambia nini?

Mama_Mvumi:
Waliochanga warudishiwe, au waulizwe kama wanakubali mchango uwe wa kuanzia maisha. Mweka hazina ana daftari. Wa kununa wanune.

Dada_wa_Kwaya:
Mama, niwekee nafasi kwenye huo ushirika wako 😂 Shemeji, mimi niko karibu na Ilazo na tunakaa wasichana watatu. Kitanda cha wageni kipo. Nitumie ujumbe pembeni, ila atupigie yeye mwenyewe.

Mhasibu_Ilazo:
Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili mbili. Kondoa nimeomba jina litolewe, jamaa kanuna na kaniita mlokole mbele ya ofisi nzima. Mchumba nimempigia, kumbe yeye hiyo harusi kubwa hakuwahi kuitaka, alinyamaza kwa kuwa mwenyekiti wa kamati ni mjomba wangu. Jumapili hii tunaonana na mchungaji. Kikwazo ni Mpwapwa. Baba yake kasema ng'ombe wawili waliobaki wanaweza kufuata baada ya ndoa, hana neno, lakini beberu wa wajomba lazima afike kwanza, tena mkubwa.

Mama_Mvumi:
Marahaba. Huyo usimnunue mjini, watakupiga bei. Nenda mnada wa Msalato asubuhi, na uende na mzee anayejua Cigogo. Wewe ukae nyuma, usionyeshe kwamba una haraka.